NAMBA ISIYOKUBALI KUGAWANYWA

Mwanafunzi anayesoma elimu ya mirathi hufika mahali pamoja akasita. Mafungu yenyewe ameshayahifadhi: thumuni ni ya nani, sudusi ni ya nani, na asaba ni nani. Taabu yaja pale mafungu yanapokataa kugawanyika sawasawa juu ya vichwa vya watu. Tuseme mtu amefariki, akaacha mke mmoja na watoto watano wa kiume. Asili ya masala ni nane: mke ana fungu moja, na watoto wana mafungu saba. Lakini mafungu saba hayagawanyiki kwa watu watano. Hapo mwalimu humwambia mwanafunzi azitazame saba na tano, naye huona kuwa hazina kigawo cha shirika ila moja. Hali hiyo wanavyuoni waliiita tabayuni. Basi huizidisha ile nane kwa tano, ikawa arubaini. Mke hupata tano, na kila mtoto hupata saba. Kila mwenye haki ameipata kamili, wala hapana fungu lililovunjika.

Kilicholeta kazi yote hiyo ni tabia ya namba zenyewe. Tano ni namba tasa, na saba ni namba tasa. Yaani kila moja haigawanyiki bila ya baki ila kwa moja na kwa nafsi yake. Waarabu huiita namba ya namna hii adadi awwali, yaani namba ya mwanzo, na jina hilo laifaa, kwa kuwa namba nyingine zote zilizo kubwa kuliko moja hujengwa kwa kuzidisha hizi. Thelathini ni mbili mara tatu mara tano. Arubaini ni mbili mara mbili mara mbili mara tano. Lakini saba ni saba tu.

Makala haya, ndugu msomaji, ni ya namba tasa moja kubwa, nayo ni hii:

2,147,483,647

Husomwa: bilioni mbili, milioni mia moja arubaini na saba, laki nne na themanini na tatu elfu, mia sita arubaini na saba. Hatukuichagua kwa ukubwa wake, kwani ziko tasa zinazoipita kwa mbali sana. Tumeichagua kwa kuwa yaenea katika mstari mmoja, na kwa kuwa habari yake yafundisha jambo ambalo kila nyumba yalihitaji, nalo ni tofauti baina ya kuisema kweli na kuijua kweli.

Punje katika bao

Namba hii ina nasaba yake. Chukua bao letu la mashimo thelathini na mawili. Tia punje moja ya mchele katika shimo la kwanza, mbili katika la pili, nne katika la tatu, nane katika la nne, na uendelee hivyo hivyo kuongeza maradufu. Ukifika shimo la tano na ukijumlisha zote, una punje 31. Ukifika shimo la thelathini na moja, likabaki shimo moja tu tupu, jumla ya punje zote ni 2,147,483,647 barabara. Wanahisabu huieleza kwa ufupi zaidi: andika mbili mara thelathini na moja, uzizidishe zote pamoja, kisha utoe moja.

Hisabu ya namna hii si ngeni katika vitabu vya Waislamu. Ibn Khallikan, mwandishi wa tarehe wa karne ya 13, alisimulia kisa cha punje za ngano katika ubao wa sataranji wenye nyumba sitini na nne, na jinsi mfalme alivyoidharau zawadi aliyoombwa mpaka ilipopigwa hisabu yake. Sisi na bao letu hatukufika hata nusu ya ubao huo. Hata hivyo, tukikadiria punje hamsini kwa gramu moja, mchele wetu wapata gunia 429 za kilo mia mia, na nusu gunia juu yake.

Sasa sikiliza ajabu yake. Zimwage punje hizo zote uwanjani, kisha utake kuzigawa sawasawa. Ukiwaita watu wawili, itabaki punje moja. Ukiwaita watatu, itabaki moja. Watano, zitabaki mbili. Saba, itabaki moja. Uite mtaa mzima, uite mji mzima, uongeze mtu mmoja mmoja au uwapunguze, daima patakuwa na baki. Hazigawanyiki ila mtu mmoja azichukue zote peke yake, au wakusanyike watu bilioni mbili na zaidi, kila mmoja aondoke na punje yake moja.

Lakini ondoa punje moja tu uitupie kuku, na mlango utafunguka. Zilizobaki, yaani 2,147,483,646, zagawanyika bila ya baki kwa namba 192 mbalimbali: kwa mbili, kwa tatu, kwa sita, kwa saba, kwa tisa, kwa kumi na moja, na nyingi nyinginezo. Ukiirudisha punje ile ukaongeza na nyingine moja, zitagawanyika pia, lakini kwa namba za maradufu tu: mbili, nne, nane, kumi na sita, na mfano wa hizo. Namba yetu imekaa baina ya jirani wawili wakarimu, nayo haitoi kitu.

Waliotangulia kuitafuta

Yumkini msomaji atauliza: ni nani aliyejitaabisha na hisabu hii, na kwa sababu gani?

Asili yake ni ya kale. Wayunani walizipenda namba walizoziita timilifu, yaani namba ambazo vigawo vyake vyote, ukiacha yenyewe, vikijumlishwa huirudisha namba ile ile. Sita yagawanyika kwa moja, mbili na tatu. Na moja na mbili na tatu ni sita. Ishirini na nane ni hivyo pia: moja, mbili, nne, saba na kumi na nne hutimiza ishirini na nane. Euclid alionyesha njia ya kuzipata, nasi twaweza kuieleza kwa bao letu. Jumlisha punje za mashimo uliyoyajaza. Ikiwa jumla hiyo ni namba tasa, izidishe kwa punje za shimo la mwisho, na jawabu itakuwa namba timilifu. Mashimo mawili yana punje tatu. Tatu mara mbili ni sita. Mashimo matatu yana punje saba. Saba mara nne ni ishirini na nane. Mashimo manne yana punje kumi na tano, nayo si tasa, basi hayatoi kitu.

Wanavyuoni wa Kiislamu waliipokea elimu hii wakaiendeleza. Ibn al-Haytham, aliyezaliwa Basra yapata mwaka 965 na kuishi Misri, alijaribu kuthibitisha kwamba kila namba timilifu inayogawanyika kwa mbili hutoka kwa njia hiyo tu. Hoja yake haikutimia, ikatimizwa katika karne ya 18. Baada yake alikuja Ismail ibn Ibrahim ibn Fallus, aliyezaliwa mwaka 1194. Yeye aliandika orodha ya namba kumi alizoziona kuwa ni timilifu. Saba kati ya hizo ni sahihi, nazo ndizo saba za mwanzo. Kubwa yake ni 137,438,691,328. Tatu si sahihi.

Sisi Waislamu twapenda kuyataja majina ya wanavyuoni wetu wa kale na kujifakharisha nayo. Hapana ubaya. Lakini heshima ya mwanachuoni ni kuisoma kazi yake na kuipima, kama wakusanyaji wa hadithi walivyompima kila mpokezi, hata awe ni mtu mashuhuri. Zile saba za Ibn Fallus twazikubali kwa kuwa zimepimwa zikasimama, na zile tatu twaziacha kwa kuwa zimepimwa zikaanguka. Namba haimwonei haya mtu, wala haitazami dini yake wala kabila yake.

Ama namba timilifu ya nane, ile ambayo Ibn Fallus hakuipata, hiyo yatoka katika namba yetu hii ya mashimo thelathini na moja.

Kweli isiyo na dalili

Huko Italia alikuwako mwanahisabu aitwaye Pietro Cataldi. Mwaka 1588 alithibitisha kwamba punje za mashimo kumi na saba, na za mashimo kumi na tisa, ni namba tasa. Alifanya kazi ya haki: alizigawanya kwa kila namba tasa iliyostahili kujaribiwa, na zote zikaacha baki. Lakini katika kitabu chake cha mwaka 1603 alizidi mipaka. Alidai kwamba mashimo ishirini na tatu, ishirini na tisa, thelathini na moja, na thelathini na saba pia hutoa namba tasa, pasina kuzipima.

Mwaka 1640 Mfaransa Pierre de Fermat alizivunja mbili. Punje za mashimo ishirini na tatu ni 8,388,607, nazo ni 47 mara 178,481. Zile za thelathini na saba nazo zilipatiwa kigawo. Mwaka 1738 Leonhard Euler akaivunja ile ya ishirini na tisa. Katika madai manne yakaanguka matatu, likabaki moja lisilojulikana hali yake, nalo ni la namba yetu.

Sasa sisi twajua kwamba dai hilo la nne lilikuwa kweli. Je, tuseme kuwa Cataldi aliijua? Mtu aliyerusha mawe manne gizani, matatu yakapotea na moja likaangusha embe, hawezi kuitwa mwenye shabaha. Alisema kweli, lakini hakuwa na elimu yake.

Padri Mfaransa Marin Mersenne naye alifanya vivyo hivyo mwaka 1644. Alitoa orodha yake ya mashimo yanayozaa namba tasa, akaitaja thelathini na moja, akaitaja pia sitini na saba. Watu waliipokea orodha hiyo kwa heshima ya jina lake kwa zaidi ya miaka mia mbili. Mwaka 1876 Mfaransa Édouard Lucas akabainisha kuwa ile ya sitini na saba si tasa, na mwaka 1903 Mmarekani Frank Nelson Cole akavitoa vigawo vyake hadharani: 193,707,721 mara 761,838,257,287. Kila mwenye kalamu na subira aweza kuzizidisha na kujionea.

Kazi ya mzee aliyekaribia upofu

Aliyeitoa namba yetu katika dhana na kuitia katika yakini ni yule yule Euler. Wakati huo alikuwa akikaa Saint Petersburg katika Urusi, umri wake wapata miaka sitini na mitano, na macho yake yalikuwa karibu yamekwisha kabisa.

Tuitazame njia yake, kwani haina uchawi. Kwanza, hapana haja ya kujaribu kila namba. Ikiwa mia yagawanyika kwa namba iliyo kubwa kuliko kumi, basi mwenzake ni mdogo kuliko kumi. Kwa hivyo mwenye kuzijaribu zote mpaka kumi amekwisha kazi. Mpaka wa namba yetu ni 46,340, kwa sababu namba hiyo ikizidishwa kwa nafsi yake haifiki namba yetu, na inayofuata ikizidishwa yaipita. Lakini chini ya mpaka huo ziko namba tasa karibu 4,800. Mwenye kugawanya kumi kila siku angelihitaji zaidi ya mwaka.

Pili, Fermat alikuwa amegundua kanuni nzuri. Ikiwa idadi ya mashimo ni namba tasa iliyo zaidi ya mbili, basi kila kigawo cha jumla ya punje, ukikigawanya kwa idadi ya mashimo mara mbili, lazima kibakishe moja. Ijaribu kwa mashimo kumi na moja. Jumla yake ni 2,047, nayo ni 23 mara 89. Gawanya 23 kwa 22, itabaki moja. Gawanya 89 kwa 22, itabaki moja. Kwa mashimo thelathini na moja, basi, hapana haja ya kujaribu ila namba zinazobakisha moja zikigawanywa kwa 62.

Tatu, Euler aliongeza sharti jingine: kigawo hicho kikigawanywa kwa nane lazima kibakishe moja au saba. Ukiyaunganisha masharti mawili, wabakiwa na namba zile tu ambazo zikigawanywa kwa 248 hubakisha 1 au 63. Chini ya mpaka wetu, ukiacha 63 yenyewe ambayo ni saba mara tisa, namba hizo ni 372 tu, na zilizo tasa kati yake hazifiki mia moja. Kazi ya mwaka imekuwa kazi ya siku chache.

Ya kwanza katika hizo tasa ni 311. Igawanye namba yetu kwa 311: yaingia mara 6,905,092, na zabaki 35. Haikugawanyika. Nyingine zote zilijaribiwa moja baada ya moja, na kila moja ikaacha baki. Mwaka 1772 Euler akaieleza habari hiyo katika barua yake kwa Bernoulli, na tangu siku hiyo namba yetu ikawa tasa kwa hoja. Kati ya maneno ya Cataldi na maneno ya Euler imepita miaka 169. Maneno ni yale yale. Lakini ya kwanza ni dai, na ya pili ni elimu.

Je, ina faida?

Mwaka 1811 Mwingereza Peter Barlow aliandika kwamba namba timilifu inayotokana na namba yetu ndiyo kubwa itakayopata kujulikana daima. Kwani namba hizi ni za kustaajabisha tu bila ya faida, wala hapana atakayejisumbua kutafuta nyingine. Alikosea mara mbili.

Kwanza, waliojisumbua walitokea. Mwaka 1876 Lucas aliithibitisha ile ya mashimo 127, yenye tarakimu 39. Mwaka 1883 Ivan Pervushin, padri wa kijiji katika Urusi, aliithibitisha ile ya mashimo 61, ambayo Mersenne aliiacha nje ya orodha yake. Na mwezi wa Oktoba 2024 ilitangazwa ile ya mashimo 136,279,841, yenye tarakimu 41,024,320. Siku hiyo ilikuwa ndiyo tasa kubwa kuliko zote zilizojulikana. Kuziita za mwisho haiwezekani, kwani Euclid alikwisha kuthibitisha kwamba namba tasa hazina ukomo.

Pili, faida ilipatikana. Tangu mwaka 1969 namba yetu imetumika katika kompyuta kutengeneza namba zinazofanana na za bahati nasibu. Waanza na moja, wazidisha kwa 16,807, wagawanya kwa namba yetu na kuishika baki, kisha wairudia kazi ile ile juu ya baki hiyo. Kwa kuwa namba yetu ni tasa, na kwa kuwa 16,807 imechaguliwa kwa uangalifu, baki hizo hupita katika kila namba kuanzia 1 mpaka 2,147,483,646, bila ya kuruka hata moja na bila ya kurudia, kabla ya kurejea mwanzo.

Tena iko sababu nyingine ya namba hii kujulikana na mafundi, ingawa haitokani na utasa wake. Kompyuta nyingi zilipewa nafasi thelathini na mbili za kuandikia namba, mfano wa mashimo ya bao letu. Nafasi moja huachiwa alama ya kuongeza au kutoa, zikabaki thelathini na moja. Na namba kubwa inayoenea humo ni hiyo hiyo yetu. Saa za mashine hizo huhesabu sekunde tangu mwanzo wa tarehe 1 Januari 1970 kwa saa za Greenwich. Hisabu itajaa siku ya Jumanne, tarehe 19 Januari 2038, saa kumi na mbili na dakika kumi na nne asubuhi kwa saa za Afrika Mashariki. Mashine itakayokuwa haijarekebishwa yaweza kudhani kuwa imerudi Desemba 1901. Dawa yake yajulikana, nayo ni kuongeza nafasi zikawa sitini na nne.

Neno kwa vijana

Kijana wa leo akiulizwa kama namba fulani ni tasa, huiuliza simu, na simu humjibu mara moja. Jawabu huwa ni sahihi mara nyingi. Lakini aliyesimama hapo amesimama mahali pa Cataldi: ana kweli mkononi, na hana hoja yake. Leo simu imemwambia habari ya namba. Kesho itamwambia habari ya dawa, ya biashara, au ya jirani yake, naye atakuwa amezoea kupokea bila ya kupima.

Basi wazazi wawape watoto wao kazi hii jioni moja, kwa karatasi na kalamu, na simu iwekwe mbali. Bao lenye mashimo kumi na matatu yaliyojazwa hutoa punje 8,191. Mpaka wake ni 90, kwani 91 mara 91 yaipita. Kwa kanuni ya Fermat, kigawo chake lazima kibakishe moja kikigawanywa kwa 26; na chini ya mpaka huo namba za namna hiyo ni 27, 53 na 79 tu. Ishirini na saba si tasa, basi iache. Zimebaki mbili. Mtoto aigawanye 8,191 kwa 53, kisha kwa 79, na aandike baki zake. Akimaliza, atakuwa ameijua namba tasa moja kwa hoja yake mwenyewe, na mtu yeyote atakayembishia atamwonyesha karatasi.